Habari Iletwayo na Moshi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, akina mama wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura huanua nguo zao mapema. Mvua huwa bado iko mbali. Wanachokiogopa ni majivu. Kiangazi, ambacho kwa Kirundi huitwa Ici, huwa kimekwisha kuyakausha majani ya milima iliyo nyuma ya mji, na wenye mashamba huanza kuyatia moto. Upepo huyabeba mabua yaliyoungua, membamba na meusi kama nyuzi, ukayaangusha juu ya mashuka meupe yaliyoanikwa uani. Na usiku, mtu akisimama kando ya Ziwa Tanganyika na kutazama ng'ambo, huona kwenye milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira mistari ya moto ikipanda polepole gizani, kama shanga nyekundu zilizotungwa katika uzi.

Bibi mmoja wa mtaa huo, mjane mwenye wajukuu, aliyachukia majivu hayo kwa ajili ya nguo zake, lakini moto wenyewe hakuuchukia. Alizaliwa huko huko milimani, katika vilima vya Isare, kabla ya kuolewa mjini. Na marehemu mumewe alimwachia shamba dogo katika vilima hivyo hivyo. Tangu utotoni alikuwa ameona jambo moja lisilobadilika: mlima ulioungua ndio unaotangulia kuwa kijani. Wahenga walisema kwamba moto huzaa majivu, wakimsikitikia mzazi hodari aliyepata mtoto goigoi. Bibi alikuwa na jibu lake kwa wahenga. "Hawakungoja," alizoea kusema. "Wangalingoja mvua moja tu, wangaliona majivu nayo yamezaa."

Kwa hiyo siku ugomvi wa moto ulipozuka nyumbani kwake, kila mtu alijua Bibi atakuwa upande gani.

KIBARUA ASIYEDAI UJIRA

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, mahali ambapo mtu akisimama huona mji wote chini yake na ziwa likimetameta nyuma ya mji. Nusu ya shamba ililimwa mahindi, maharage na mihogo. Nusu ya pili ilikuwa imelazwa kwa miaka mitatu ipate kupumzika, na nyasi zilikuwa zimepanda kupita kimo cha mtu. Mwaka huo ilibidi ilimwe, kwani chakula cha nyumbani hakikutosha na bei za sokoni zilikuwa zimepanda.

Mwana wa Bibi, fundi seremala mwenye karakana ndogo huko Bwiza, alikuja na shauri fupi.

"Mama, Jumapili nitapanda na vijana wawili. Tutakata njia pembeni ili moto usivuke kwa jirani, kisha tutawasha. Kabla ya adhuhuri kazi imekwisha."

"Vema, mwanangu," Bibi alijibu. "Na majani ya kwanza tutayaona sisi kabla ya watu wote."

Binti wa fundi huyo, aliyekuwa akisoma elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Burundi, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua lengalenga za mchana. Hakuinua uso. "Baba, nakuomba usiwashe," alisema.

Fundi alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu, kuzifyeka nyasi zile kwa mkono ni kazi ya siku nane. Vibarua wanataka fedha zao kila jioni. Wewe unazo? Mimi sina."

Neno hilo lilikuwa la haki, na yafaa msomaji alikumbuke mpaka mwisho. Wengi wanaowalaumu wakulima kwa kuchoma milima hawajapata kushika fyekeo saa sita ya mchana. Moto ni kibarua asiyedai ujira, na mtu asiye na fedha humwita yeye.

Msichana hakuwa na jibu la fedha. Alianza kueleza habari za udongo na rutuba, lakini Bibi alimkatiza kwa upole.

"Mjukuu wangu, mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Kila nilipoona mlima umeungua, niliona majani yametoka. Na mahindi yangu ya mbegu je? Nayatundika juu ya mafiga tangu siku mama yangu aliponifundisha. Mbegu iliyoonja moshi huota kwa nguvu. Hayo nayo yameandikwa kwenye vitabu vyenu kuwa ni uongo?"

Msichana aliliweka ungo chini. "Hapana, Bibi," alisema. "Hayo yameandikwa kuwa ni kweli."

USINGIZI WA MBEGU

Ili kuelewa kwa nini msichana aliyekuja kuupinga moto alimkubalia bibi yake, ni lazima kwanza kujua mbegu ni nini. Mbegu ni mmea mchanga uliofungiwa ndani ya ganda pamoja na akiba ya chakula chake. Mbegu za shambani, kama maharage, zimezoea mkono wa mwanadamu kwa maelfu ya miaka. Zikipata maji na joto la kutosha huota bila ya kuuliza. Mbegu za porini hazina haraka hiyo. Unaweza kuzimwagilia maji, ukazipa udongo mzuri, nazo zikakataa. Wataalamu huiita hali hiyo usingizi wa mbegu.

Usingizi huo una hekima yake. Mbegu ndogo ikiota chini ya nyasi ndefu, hufa kwa kukosa jua. Iliyo salama ni ile itakayongoja mpaka nafasi ipatikane, hata kama ni kwa miaka mingi. Lakini itajuaje kwamba nafasi imepatikana, nayo imefukiwa ardhini, haina macho wala masikio?

Njia moja ni joto. Migunga, mathalan ile inayoota katika uwanda wa Rusizi, ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Moto ukipita juu yake, joto hulipasua ganda kidogo, na mvua ikinyesha maji hupata pa kuingilia. Ndiyo sababu mabwana misitu, wanapotaka kuotesha mbegu za namna hiyo kitaluni, huzimwagia kwanza maji ya moto.

Walakini joto la moto wa nyasi halishuki mbali. Moto huo hupita upesi, na udongo ni mlinzi mzuri. Sentimita chache tu chini yake joto huwa limepungua sana. Ziko mbegu zilizo chini zaidi, ambazo hazikuguswa na joto wala hazina ganda la kupasuliwa, nazo pia huamka baada ya moto. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua ni nini kinachoziamsha.

Katika mwaka 1990, watafiti wawili wa Afrika ya Kusini, J. H. de Lange na C. Boucher, walitangaza jambo jipya. Walikuwa wakishughulika na kichaka kimoja adimu cha nchi ya Rasi, kiitwacho Audouinia capitata, ambacho mbegu zake zilikuwa ngumu kuota. Walipeleka moshi wa majani juu ya udongo uliokuwa na mbegu hizo, bila ya kuuchoma udongo wenyewe, na mbegu zikaota. Moshi peke yake ulitosha.

Habari hiyo iliwaamsha wengine. Mwaka 1994, huko huko Afrika ya Kusini, ilionyeshwa kwamba moshi huziamsha mbegu za jani liitwalo Themeda triandra, ambalo ni malisho mazuri ya mifugo na wanyama, na ambalo limeenea katika mbuga za Afrika Mashariki pia. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba hata saladi, mboga ya bustanini isiyo na habari na moto wa porini, husikia moshi: mbegu za aina ya Grand Rapids, ambazo kwa desturi hazioti vizuri gizani, ziliota gizani zilipoloweshwa maji yaliyopitishwa moshi.

Bado swali lilibaki: katika moshi, ambao una maelfu ya kemikali, ni ipi ifanyayo kazi hiyo? Jibu lilipatikana mwaka 2004, na lilipatikana mara mbili. Kundi la G. R. Flematti na wenzake huko Perth, Australia ya Magharibi, na kundi la J. van Staden huko Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, yaliifikia kemikali ile ile, kila moja kwa njia yake. Baadaye jamii ya kemikali hizo iliitwa karikini, kutokana na neno "karrik", ambalo katika lugha ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa Australia ya kusini-magharibi, maana yake ni moshi.

Karikini haimo katika jani bichi. Huzaliwa pale jani linapoungua, kutokana na sukari na selulosi, yaani ile nyuzinyuzi inayoujenga mwili wa mmea. Hupanda na moshi, hutua juu ya udongo, na mvua ya kwanza huiyeyusha na kuishusha mpaka zilipo mbegu. Ndani ya mbegu imo protini ambayo wataalamu wameipa jina la KAI2; hiyo huipokea habari ya moshi, na mbegu huanza kujiandaa kutoka. Kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kustaajabisha. Hata sehemu moja katika sehemu bilioni moja za maji yaweza kutosha.

Karikini si mjumbe wa pekee. Huko California, mwaka 1997, J. E. Keeley na C. J. Fotheringham walionyesha kwamba gesi ya naitrojeni dioksidi iliyomo katika moshi huamsha mbegu za ua moja la vichaka vya huko. Mimea ya kila nchi ina masikio yake.

Wakulima wa Afrika Mashariki wanamjua mmoja mwenye masikio mabaya, naye ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo hulala ardhini miaka mingi. Zinachongoja si moshi, bali kemikali inayotoka katika mizizi ya mahindi yenyewe. Zikiipata hujua kwamba chakula kimefika. Ajabu ni kwamba umbo la kemikali hiyo lina sehemu inayofanana na karikini. Lugha ni karibu moja. Mmoja huambiwa kwamba uwanja umefunguliwa, mwingine huambiwa kwamba mawindo yamekaribia.

MAKOPO MATATU

Bibi alisikiliza yote hayo akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Msichana alipokwisha, Bibi alimgeukia mwanawe kwa furaha. "Umesikia? Basi Jumapili washa."

"Bibi, bado sijamaliza," mjukuu alisema. "Moshi si chakula cha mbegu. Ni habari tu. Nataka nikuonyeshe."

Alimwomba baba yake msaada, na fundi, ingawa alinung'unika, hakuweza kuacha kazi ya mikono impite. Alichukua debe kuukuu lenye kifuniko, akalitoboa, akatia bomba, na kwa mhunzi wa jirani akaazima mivukuto. Ndani ya debe walichoma majani makavu. Moshi ulisukumwa bombani ukatokea ndani ya ndoo ya maji, ukitoa mapovu. Baada ya saa moja hivi maji yalikuwa na rangi ya majani ya chai na harufu ya samaki wa kukausha.

Msichana alitwaa makopo matatu ya maziwa ya unga, akatia udongo, akapanda mbegu za saladi zilizokuwa zimebaki katika pakiti ya zamani. Kopo la kwanza alilimwagilia maji matupu. La pili alilimwagilia maji ya moshi yaliyopunguzwa nguvu, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji. La tatu alilimwagilia maji ya moshi vile vile yalivyotoka ndooni. Kisha akayafunika yote kwa sanduku ili yawe gizani. Kando yake, katika makopo mengine matatu, alifanya hivyo hivyo kwa maharage.

Siku ya tano waliondoa sanduku. Katika kopo la maji matupu miche ilikuwa michache. Katika kopo la maji hafifu ya moshi miche ilikuwa mingi, imesongamana kama watu mbele ya duka la sukari. Na katika kopo la tatu, lililopewa moshi mwingi, hapakuwa na kitu. Maharage hayakuonyesha tofauti kati ya maji matupu na maji hafifu; yale ya moshi mkali yalichelewa.

"Kopo moja si utafiti," msichana alisema kwa uangalifu wa mwanafunzi, "lakini ndivyo walivyoona na wao. Moshi kidogo huamsha. Moshi mwingi huua. Na mbegu isiyolala haina haja ya kuamshwa."

Bibi alilitazama kopo la tatu muda mrefu. Kisha aliuliza, "Na mahindi yangu ya juu ya mafiga?"

"Mama yako alikufundisha vizuri, Bibi. Huko KwaZulu-Natal wako wakulima wanaoyatundika mahindi ya mbegu juu ya moto wa jikoni kama wewe. Mwaka 2002 matokeo yalitangazwa kwamba mbegu zilizohifadhiwa hivyo zilikuwa na nguvu zaidi za kuota. Na mwaka 2006 wengine walionyesha kwamba moshi, au maji ya moshi, huyapa mahindi machanga nguvu ya kukua. Tena moshi na ukavu huwafukuza wadudu."

Hapana shaka kwamba neno hilo lilimpendeza Bibi kuliko yote. Mtu aliyefuata jambo miaka 50 kwa kuambiwa na mama yake tu, hufurahi siku dunia inapolithibitisha.

MIZIZI YA JIRANI

Jumamosi walipanda shambani wote watatu. Jirani alikuwa amekwisha kuchoma sehemu yake wiki mbili kabla, na juu ya weusi wa ardhi vichipukizi vya kijani vilikuwa vimeanza kuonekana, ijapokuwa tone la mvua lilikuwa halijaanguka.

"Haya, tazama," Bibi alisema. "Moshi wako umeamsha mbegu bila hata ya mvua."

"Jirani hatakasirika tukichimba kidogo pembeni mwa mpaka?" msichana aliuliza. Alichukua jembe, akainua bonge la udongo penye kichipukizi, akalipasua kwa vidole. Kichipukizi hakikutoka katika mbegu. Kilitoka katika shina kuukuu la nyasi, lenye mizizi minene iliyoshuka mbali. Alichimba la pili, la tatu, la nne. Kila mahali ilikuwa hivyo.

Huo ndio ukweli ambao macho ya juu hayauoni. Katika mbuga na misitu ya miombo ya sehemu zetu, sehemu kubwa ya kijani kinachotokea baada ya moto hutoka katika mizizi iliyosalimika chini, na wala si katika mbegu. Majani yakiungua, mmea hulazimika kutoa akiba yake ya chakula ili uchipue tena. Ni kama mtu aliyeibiwa nguo zote, akalazimika kuvunja kibubu ili ajifunike. Mara moja katika miaka kadhaa, kibubu hujaa tena. Kila mwaka, hakijai. Na miti michanga isiyo na akiba hufa kabisa.

Majivu nayo yana faida na hasara. Huacha madini kama potasiamu na kalisi, na kwa mvua chache za kwanza mimea huyafurahia. Lakini naitrojeni, ambayo ni chakula kikubwa cha majani, sehemu yake nyingi hupotea hewani pamoja na moshi. Na yale madini yaliyobaki juu hayana cha kuyashika. Katika uwanda wa tambarare pengine yangetulia. Katika mteremko wa Isare, mvua kubwa ya kwanza huyachukua.

Bibi hakusema neno. Alikuwa amegeuka akitazama chini, upande wa kaskazini wa mji, palipo na mitaa ya Kamenge na Kinama. Mwanawe alijua anachokitazama.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima hiyo, na maji yakashuka kwenye mitaa ya kaskazini ya Bujumbura pamoja na udongo na mawe. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengi wakiwa wamelala, na maelfu walibaki bila ya nyumba. Hakuna awezaye kusema kwamba moto wa nyasi ndio ulioleta msiba ule. Mvua yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini kila aliyeyaona maji asubuhi ile aliona rangi yake. Yalikuwa mekundu. Mlima ulikuwa umeshuka mjini.

"Mwanangu," Bibi alisema hatimaye, "mbegu zinataka kuambiwa. Hazikusema zinataka kuunguzwa."

"Mama, nimeelewa," fundi alijibu. "Lakini nyasi ni zile zile, na siku nane ni zile zile. Nitafyeka kwa mkono wa nani?"

FEDHA ZA MABATI

Usiku ule Bibi alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Zilikuwa fedha alizoziweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili anunue mabati mapya ya jiko la uani, kwani paa lilikuwa limetoboka. Alimpa mwanawe. Zilitosha vibarua wawili kwa siku nne. Siku nyingine walifyeka wenyewe, fundi kila alfajiri kabla ya kufungua karakana, na msichana siku za mapumziko ya chuo. Viganja vyake vilitoka malengelenge, na baba yake alimcheka kwa mapenzi, akisema kwamba sasa amepata shahada.

Nyasi zilizofyekwa hawakuzichoma. Walizilaza kwa mistari ya kukinga mteremko, na kando ya mistari hiyo walipanda miche ya kaliandra, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi.

Jambo moja zaidi lilibaki, nalo lilihusu jiko lenyewe. Moshi unaoifaa mbegu haukufai kifua cha mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, ambayo zaidi hutokana na moto wa kupikia. Na wanaokaa karibu na mafiga ni akina mama pamoja na watoto wadogo. Bibi mwenyewe alikuwa na kikohozi cha miaka mingi, akikiita cha uzee. Kwa kuwa fedha za paa zilikwisha kutumika, fundi alifanya lile lisilohitaji fedha. Alitoa safu mbili za matofali juu ya ukuta, chini ya paa, pande zote mbili, upepo upate kupita. Uchaga wa mahindi ya mbegu aliusogeza mpaka penye tundu hilo. Tangu hapo moshi huyapitia mahindi unapotoka nje, bila ya kukaa ndani kama mgeni asiyeaga.

Mvua za kwanza zilinyesha. Shamba la jirani lilikuwa kijani tangu zamani, na la Bibi lilikuwa bado na rangi ya nyasi kavu. Watu waliopita njiani walisema maneno. Fundi naye, siku moja, alisimama akayatazama mashamba mawili kwa muda, wala hakusema kitu, na Bibi alijua anahesabu zile siku nane. Palizi nayo ilikuwa nzito kuliko mwaka mwingine, maana mashina ya nyasi yaliyofyekwa hayafi upesi.

Kisha mwezi wa Novemba ilinyesha mvua ya usiku kucha. Asubuhi walipanda kutazama. Kwa jirani, mifereji myembamba ilikuwa imekatwa katika udongo tangu juu mpaka chini, na mahindi ya pembeni yalikuwa yamelala, mizizi nje. Kwa Bibi, maji yalikuwa yamegonga mistari ya nyasi yakaacha udongo mwororo nyuma ya kila mstari, kimo cha vidole viwili. Mahali pawili mstari ulikuwa umekatika, na hapo maji yalikuwa yamepita. Fundi alivua viatu, akaenda kuizibia nafasi hizo nyasi nyingine.

Jirani alikuja akasimama mpakani. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za watoto, aliuliza kama miche ya kaliandra ilinunuliwa au iliombwa, na mbegu zake huoteshwaje.

"Hizo huloweshwa maji tu," msichana alimjibu. "Maji baridi, siku mbili. Moshi si lazima."

Walirudi Buyenzi wamelowa. Jikoni, paa lilikuwa likivuja mahali patatu, na Bibi aliweka sufuria chini ya kila tundu. Aliyapapasa mahindi juu ya uchaga, akaona yako makavu. Mwanawe alisema kwamba mwakani, Mungu akijalia, mabati yatapatikana. Bibi aliitikia, akachochea moto, akainjika maji ya chai.